Mkono wa Mama Mkwe Dirishani

Nyumba niliyopewa na shule hapa Biharamulo ina kidirisha kati ya jiko na sebule. Aliyechora ramani yake alikusudia chakula kipitie hapo, sahani itoke kwa mpishi ifike mezani bila mtu kuzunguka mlangoni. Sisi tulikuwa hatukitumii. Mke wangu alipikia nje kwa mkaa kama majirani wote, na kwenye kizingiti cha kidirisha tuliweka redio mbovu na makopo ya rangi. Alipokuja mama mkwe wangu kukaa nasi ndipo kidirisha kile kikapata kazi, na kazi yenyewe naona aibu hata kuieleza.

Alikuja kwa sababu mke wangu alipata nafasi ya chuo Bukoba, na binti yetu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Msichana wa kazi hatukumpata. Mke wangu akasema atamwomba mama yake atoke Kibimba, kule Ngara, aje amlee mjukuu mpaka masomo yaishe.

"Mama yako akae hapa?" nilimuuliza. "Na mimi?"

"Kwani wewe ni simba?"

Hakutaka kunielewa. Mimi ni Msubi wa Bisibo, nimesoma, nafundisha biolojia, lakini mbele ya mama mkwe elimu yote hunitoka. Kwa malezi yake yeye, na kwa malezi yangu pia, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaangaliani usoni. Hawagusani. Mama mkwe hali chakula mahali mkwe wake anapomwona. Tangu nimwoe binti yake tulikuwa tumeongea maneno yaleyale tu: shikamoo mama, marahaba, habari za Kibimba, ni nzuri. Baada ya hapo kila mmoja alitafuta kitu cha kuangalia, mimi viatu vyangu, yeye mbuzi.

Basi akaja, na gunia la maharage, na mkungu wa ndizi, na pakiti ya vidonge amefunga kwenye pindo la kitenge. Tulimpa chumba cha nyuma alale na mtoto. Aliingilia mlango wa uani, mimi nikaingilia wa mbele. Nilipotaka kwenda uani nilisimama kwanza mlangoni nikakohoa, ili apate muda wa kujitanda na kugeuka. Nilikohoa sana kipindi kile. Jirani yangu mmoja aliniuliza kwa upole kama nimeshapima kifua.

Ile pakiti ya vidonge niliiona tena wiki kadhaa baadaye mikononi mwa mtoto. Alikuwa anaitikisa kama kayamba, na ilikuwa imejaa. Nilisoma jina la dawa nikashtuka, maana ni dawa ya presha na ilipaswa kuwa imekwisha. Nikampigia mke wangu.

"Anameza kichwa kikimuuma," alisema. "Zahanati walimwambia kila siku, lakini yeye anasema dawa ni ya ugonjwa, na ugonjwa ukiwa haupo dawa inamtafuta nani." Akaongeza: "Dada yake mkubwa alianza hivihivi. Presha ikamla macho, leo anashikwa mkono kwenda chooni. Wewe si ndiye mwalimu wa biolojia? Mweleze. Nimekuachia mama mwenye macho, naomba nimkute na macho."

Ombi lenyewe lilikuwa hilo tu, na sijawahi kupewa zito kuliko hilo.

Kila jioni, baada ya mtoto kuoga, mama mkwe alikaa kwenye mkeka jikoni, chini ya kidirisha, akachambua maharage ya kesho. Mimi nilikaa sebuleni na madaftari ya kusahihisha. Tulitenganishwa na ukuta. Hatukuonana, ila nilisikia maharage yakikwaruza ungo. Jioni moja nilikohoa, nikaongea na ukuta.

"Mama, vile vidonge. Naomba nikueleze presha inafanya nini ndani ya mshipa."

Ungo uliwekwa chini. Halafu akasema, "Eleza, mukwe wangu. Masikio hayana kosa."

Nikaanza. Nilimwambia ndani ya mshipa wa damu kuna utando mwembamba sana, safu moja tu ya seli bapa, zimepangana kama vigae. Damu inapopita inazisugua, nazo zikisuguliwa vizuri zinafanya kazi ya ajabu. Zina kimeng'enya kinachochukua ajinini, kipande kidogo cha protini ambacho tunakipata hata kwenye maharage, kinatoa humo nitriki oksaidi. Hiyo ni hewa. Inapenya hadi kwenye misuli iliyouzunguka mshipa, inaiambia ilegee. Mshipa unapanuka, damu inapita bila kusukumana.

"Kwa hiyo maharage yanalegeza mshipa," alisema.

"Kwa namna fulani, mama."

"Basi vidonge vya nini?"

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikaogopa kwamba nimemcheka mama mkwe, nikakohoa kufuta kicheko. Nikamweleza kwamba presha ikiwa juu muda mrefu, zile seli zinapigwa na kuvutwa mpaka zinaanza kutoa oksijeni iliyoharibika, yenye elektroni ya ziada, isiyotulia. Hiyo inaidaka ile hewa njiani kabla haijafika kwenye misuli. Kibaya zaidi, kile kimeng'enya chenyewe kikikosa msaidizi wake kinageuka: badala ya kutoa hewa ya kulegeza, nacho kinatoa oksijeni mbovu.

"Askari wa kijiji ameingia kwa wezi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Eeh. Endelea."

Sijui niseme nini kuhusu jioni zile isipokuwa kwamba nilizipenda. Darasani wanafunzi wangu husinzia nikifika hapo. Huyu mama aliyeishia darasa la nne alinisubiri. Nikichelewa kuanza nilisikia ungo unapigwapigwa makusudi. Na mimi, ambaye sikuweza kumuuliza kama amelala vizuri bila kutokwa jasho, niliweza kumweleza habari za seli na molekuli kwa saa nzima. Molekuli hazina ukwe. Hakuna aibu kutamka angiotensini.

Hiyo ilikuwa ya jioni ya pili. Nilimweleza kwamba figo zinapodhani damu ni chache hutoa kitu kinachoanzisha mnyororo, na mwisho wa mnyororo ni hiyo angiotensini. Inakwenda kukaa kwenye kipokezi juu ya seli ya misuli ya mshipa, milango ya kalsiamu inafunguka, kalsiamu inaingia, misuli inajikaza. Ikikaa pale siku chache hakuna neno. Ikikaa miaka, seli zinapata amri nyingine: nenepeni, ongezekeni, tandikeni kolajeni. Kolajeni ni kama kamba ngumu, na elastini ni kama mpira unaorudi ukivutwa. Presha inakata mpira, inaongeza kamba. Ukuta unakuwa mnene, njia inakuwa nyembamba. Mshipa mgumu unapandisha presha, na presha inazidi kuufanya mshipa mgumu.

"Sasa hapo kichwa kinauma lini?"

"Hakiumi, mama. Mara nyingi hakiumi kabisa."

Alitikisa ungo. "Nilibeba ndizi kichwani mpaka Lukole, wakimbizi walipokuwepo," alisema hatimaye. "Sikuumwa shingo hata siku moja. Nikajua mimi ni mzima."

"Kidonge chako kinafunga ile milango ya kalsiamu. Kesho yake inaanza kufunguka tena. Ndiyo maana ni kila siku."

Kesho yake asubuhi, nikiwa nafunga kamba za viatu, nilisikia sauti kutoka jikoni: "Mukwe, leo nimefunga milango." Tangu siku hiyo hakuacha. Alimeza kila asubuhi na kunitangazia, na mimi niliondoka kwenda shuleni nikijiona mtu wa maana.

Nikanunua mashine ya kupimia presha, ile ya kuvalisha mkononi na kubonyeza. Hapo ndipo kidirisha kilipopata kazi yake. Kumvalisha mimi mwenyewe ilikuwa haiwezekani; mkono wa mama mkwe wangu sijawahi kuushika hata kwa salamu. Kumwita aje akae mezani mbele yangu, akunje mkono wa gauni, ilikuwa haiwezekani pia. Nilitoa makopo ya rangi, nikaweka mashine kwenye kizingiti, kioo cha namba kikinitazama mimi, nikampitishia kile kitambaa chenye mpira. Nilimwelekeza kwa maneno, nikisema "sehemu ya juu" bila kutaja sehemu ya juu ya nini. Alijivalisha mwenyewe huko chini. Mpira wa hewa ni mfupi. Kwa hiyo aliketi pale pale kwenye mkeka wake, akainua mkono, akauegemeza kwenye kizingiti. Upande wangu nilichoona ni vidole vyake tu vimening'inia, vimekauka, vina masizi kwenye kucha. Nilibonyeza. Mashine ikanguruma. Nikasoma namba.

Mara ya kwanza ilikuwa juu kidogo. Baada ya wiki za vidonge ikawa nzuri. Halafu ikawa nzuri sana. Nilimtumia mke wangu namba kila Jumapili kwa simu, naye alinijibu kwa kunishukuru kwa maneno ambayo hakuwahi kunitumia hata tulipokuwa wachumba. Nilimsomea mama namba zake kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Siku yake ya kliniki ilipofika kulikuwa na mvua, na isitoshe, kwenda hospitali kungekuwa kuongozana barabarani mimi na mama mkwe, watu wote wa mjini wakituangalia. "Namba ni nzuri, mama," nilisema dirishani. "Sioni haja." Akasema sawa. Siku nyingine ya kliniki ikapita hivyohivyo.

Kisha mawe yakaanza.

Jiwe la kwanza nililing'ata mchana mmoja nikila peke yangu sebuleni. Kokoto ndogo, rangi ya maharage kabisa. Nilinyamaza. Mtu halalamikii maharage yaliyochambuliwa na mama mkwe wake. Mkwe wa namna hiyo atasemwa mpaka Kabanga mpakani. Nililitoa polepole nikaliweka mfukoni. Siku iliyofuata yalikuwa mawili. Baada ya hapo nilijifunza kutafuna kwa tahadhari, kama paka anayekula samaki, na suruali yangu ya kazi ikawa na kokoto mfukoni kila nikiifua. Jino langu la nyuma lilichimbika kidogo. Nilipeleka sahani jikoni kidirishani nikasema, "Asante mama, chakula kizuri sana."

Mwanamke huyu alikuwa anasifika Kibimba kwa kuchambua. Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba kwenye misiba walimpa yeye maharage, kwa sababu jicho lake halikupitwa na kitu. Nilikuwa nalijua hilo. Niliweka mawe mfukoni huku nikilijua hilo.

Mwisho wa mambo ulikuja na kikombe cha uji. Asubuhi moja alinipitishia kikombe kidirishani, nami nikanyoosha mkono kukipokea bila kuangalia, kama tulivyozoea. Mkono wake ulifika pembeni ya wangu, kiasi cha kiganja, ukaachia. Kikombe kilianguka sakafuni upande wangu, uji ukanirukia miguuni. Nilisikia akivuta pumzi. Alikuwa amekiweka hewani akidhani anakiweka mkononi mwangu.

Siku hiyo tulikwenda hospitali, mimi mbele, yeye nyuma hatua nyingi, na mtoto mgongoni mwake. Nilisikia watu wakinisalimia na sikumwangalia yeyote.

Mtaalamu wa macho alimtia matone, akafunga pazia, akamulika ndani. Kisha akaniita mimi kando. Alisema nyuma ya jicho ndipo mahali pekee mwilini ambapo mtu anaweza kuiona mishipa midogo ya damu bila kupasua, na ya huyu mama imesinyaa imekuwa kama nyuzi. Mingine imevuja. Jicho la kushoto lina madoa ya damu na uvimbe katikati kabisa, pale mtu anaposomea na kuchambulia. La kulia limeanza.

"Presha yake mnaifuatilia?"

Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo. Nilitoa simu, nikamwonyesha namba zote za Jumapili. Aliziangalia, akamkalisha mama kwenye kiti, mkono juu ya meza, akapima. Akapima tena. Kisha akaigeuza mashine nione mwenyewe. Namba ilikuwa ya kutisha.

"Ameogopa hospitali," nilisema. "Nyumbani iko vizuri."

Hakunibishia. Aliandika dawa ya pili ya kuongeza kwenye ile ya zamani, akasema kilichokufa kwenye jicho hakitarudi, kilichovimba huenda kikashuka, na la kulia litategemea namba kuanzia leo. Nikatoka nikiwa na hasira, nikiwaza kwamba mashine yao haijakaguliwa.

Nyumbani mama alikwenda uani na mtoto. Mimi nilichukua mashine yangu kuthibitisha kwamba ni nzima. Nilijipima mezani, mkono juu ya meza, nikapata namba yangu ya kawaida. Kisha wazo likaniingia. Niliirudisha mashine kizingitini, kioo kikielekea jikoni, nikazunguka mlangoni, nikaingia jikoni. Nilikaa kwenye mkeka wake. Sikuwahi kukaa pale. Nilipoangalia juu niliona upande wa chini wa kizingiti, na dari. Jioni zote zile, wakati mimi nafundisha, yeye alikuwa anaangalia dari. Nilijivalisha kitambaa, nikainua mkono, nikauegemeza kama alivyokuwa akifanya yeye, nikanyoosha mkono mwingine nikabonyeza. Nikajiinua kidogo kusoma. Namba ilikuwa imeshuka sana. Nikarudia. Ikashuka vilevile.

Damu ni kimiminika. Mkono ukipanda juu ya moyo, presha ndani ya mishipa ya mkono hupungua, kama bomba la ghorofani linavyotoa maji kidogo kuliko la chini. Nachora mchoro huo ubaoni kila mwaka, na yeyote anayeukosea namkata alama. Mashine haikuwa na kosa, ilipima kwa uaminifu presha ya mkono uliopandishwa dirishani ili mkwe asimwone mama mkwe. Na wakati mimi nasoma namba kwa sauti, ndani ya jicho lake kazi ilikuwa inaendelea: milango ya kalsiamu iliyofungwa nusu tu, angiotensini haijaguswa kabisa, ile hewa ya kulegeza ikidakwa njiani, kolajeni ikitandikwa kamba juu ya kamba katika mishipa myembamba kuliko unywele. Hakuna molekuli hata moja iliyosubiri mimi na yeye tumalize kuoneana haya.

Nilisikia mlango wa uani. Sikupata muda wa kukohoa, wala yeye.

"Mukwe," alisema. "Umeanguka?"

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa mama mkwe wangu, miguu imenyooka kuelekea vyungu vyake, mkono umening'inia dirishani. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nilitaka kuruka nitoke. Lakini kutoka ilibidi nipite mlangoni aliposimama yeye. Nikabaki.

"Hapana, mama. Napima."

Aligeuza uso ukutani. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwake. Nami nikageukia vyungu, nikamwambia hapo hapo kabla sijapata muda wa kutafuta maneno ya kisomi. Nilimwambia namba zote nilizomsomea zilikuwa za uongo. Mkono ulikuwa juu mno. Nilipaswa kujua. Na kliniki mimi ndiye niliyesema hakuna haja.

"Ulitaka nikae wapi?" aliuliza.

"Kwenye kiti, mama. Mkono juu ya meza."

"Mbele yako."

"Mbele yangu."

"Nisingekaa," alisema. Alisema bila kunituliza, kama mtu anayetaja ukweli wa bei ya chumvi. Kisha: "Na mawe? Ulikuwa unayapata?"

"Nilikuwa nayapata."

"Mengi?"

"Siku nyingine mengi."

"Na hukusema."

"Niliona aibu, mama."

Alimrekebisha mtoto mgongoni. "Jicho hili lilianza zamani," alisema kwa ukuta. "Nilifumba lile zima siku moja nikamwangalia huyu mtoto, nikaona masikio na nywele, uso haupo. Nikajua ni lile la dada yangu. Lakini ningekwambiaje? Nimeletwa kwa mkwe kulea mtoto, niseme sioni? Nikawa nayapapasa maharage kwa vidole. Mawe madogo vidole havikuyajua." Alivuta pindo la kitenge mpaka kwenye paji. "Nilikuwa naomba usiyaone."

Nilinyanyuka, naye akasogea kando bila kunigusa, nikapita. Nilikaa chumbani mpaka giza likaingia, nikalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilikasirika kwamba katika nyumba ile kila mtu alikuwa mtu mwema na mwenye adabu.

Siku hizi mashine iko mezani. Mama mkwe anakuja sebuleni asubuhi, anakaa kwenye kiti, anaweka mkono juu ya meza na kujifunika uso kwa kitenge. Mimi namvalisha kitambaa nikiangalia kalenda ukutani. Mara ya kwanza nilikosea upande. Mkono wake ni mwepesi na una joto, na kwenye kiwiko una kovu ambalo sijauliza limetoka wapi. Tunangoja wote wawili bila kupumua, ambalo nalo ni kosa, maana mtu anatakiwa atulie. Namba bado haijawa nzuri, lakini ni ya kweli, na inashuka. Kliniki tunakwenda, na barabarani sasa amepunguza zile hatua za nyuma kwa sababu anahitaji kuviona viatu vyangu.

Mke wangu aliporudi likizo alimkuta mama yake na jicho moja na robo. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, akaenda kukaa na mama yake uani mpaka jioni, na hakuniuliza lile swali nililokuwa nimejiandaa kulijibu, kwamba mwalimu wa biolojia alishindwaje kujua. Ningependa angeuliza.

Maharage nachambua mimi. Najua wanaume wenzangu wakisikia watacheka, na waliosikia wamecheka. Nakaa jikoni na ungo, kwenye kigoda, na mama mkwe anakaa sebuleni na mjukuu, na kidirisha kiko wazi, nami naendelea na somo. Tumefika kwenye dawa ya pili, ile inayokaa kwenye kipokezi kabla angiotensini haijafika. Anasema hiyo ndiyo aliyoipenda zaidi, kumkalia mtu kiti chake.

Jumapili iliyopita, baada ya kupima, mtoto alikataa kula bila bibi yake. Alilia, akamng'ang'ania kitenge, akamwekea kijiko mkononi. Mama alikuwa bado kwenye kiti mezani, mimi upande wa pili na sahani yangu. Nikaanza kunyanyuka ili niondoke, kama inavyopasa. Akasema, "Kaa." Akageuza kichwa kidogo upande, akaanza kula maharage mbele yangu.

Niliangalia sahani yangu. Nilimsikia akitafuna, polepole, kisha akanyamaza. Alipeleka vidole mdomoni, akatoa kitu, akapapasa meza mpaka akafika upande wangu, akakiweka karibu na mkono wangu. Ilikuwa kokoto, ndogo, rangi ya maharage kabisa.

"Mukwe," alisema. "Jiwe."

"Samahani, mama," nikasema.

Akaendelea kula.